Blauzi inapwaya, sketi haifungi: tuzungumze lishe ya mgonjwa wa saratani ya ovari kabla ya upasuaji

BintiUsambara (mleta uzi)

Wakuu, salaam nyingi.

Mama yangu ana miaka 58 na ana saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai. Kuna jambo lilitupita machoni mchana kweupe, na sipendi liipite familia nyingine.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka jana mama aliniletea blauzi nipunguze mikono, inapwaya. Mwezi huo huo akaleta sketi niachie kiuno, haifungi. Nikapunguza, nikaachia. Baada ya wiki tano akarudi na kazi ile ile. Majirani wakawa wanamwambia siku hizi umenawiri, na yeye anakula vijiko vitano vya wali anasukuma sahani, ameshiba. Tukatibu vidonda vya tumbo, tukatibu gesi, tukatibu minyoo.

Ultrasaundi ilipofanyika, tumbo lilikuwa limejaa maji. Tukapewa rufaa ya kuja Dar. CA 125, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, iko juu sana, na picha ikaonyesha ugonjwa umeshatambaa kwenye utando wa tumbo, hatua ya tatu. Siku tuliyopokelewa mizani ilisoma kilo 61. Wakamchoma tumbo wakatoa lita 5. Kesho yake mizani ikasoma 56. Mwaka uliotangulia mama alikuwa na kilo 66, kadi yake ya kliniki ya presha ninayo. Kwa hiyo mizani ya siku ile ya kwanza ilituambia amepungua kilo 5, kumbe zilikuwa 10, na maji mengine bado yamo ndani.

Kisha daktari akasema hapasui kwanza. Albumini, ile protini kuu ya kwenye damu, ni 2.6 tu na mgonjwa amedhoofu. Ataanza na kemo tatu, yaani dripu za dawa za saratani, kila moja baada ya siku 21, ndipo apasuliwe, kisha amalizie kemo tatu nyingine. Nyumbani kukawaka moto. Wajomba wakasema tunacheleweshewa mgonjwa huku uvimbe unakua, tumtoe tumpeleke kwingine. Na mimi nilikuwa upande wa wajomba.

Sasa amemaliza kemo ya pili. Nimekuwa nauliza kila anayevaa koti jeupe, na nimeanza kuelewa kwamba hali ya lishe mgonjwa anayoingia nayo chumba cha upasuaji inaendana na kupona kwake kidonda na hata na muda atakaoishi. Wenye ujuzi, hizi wiki kama sita zilizobaki nimlishe nini, na nipime nini? Wenye wagonjwa kama wangu karibuni tusaidiane.

SistaWaZamu

Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi wodi za akina mama miaka 19, na hilo la sketi na blauzi nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mgonjwa anakuja na tumbo kama la miezi minane, ukimshika bega unashika mfupa.

Nikwambie kwa nini daktari wako aliogopa. Upasuaji wa ovari hatua ya tatu ni mkubwa. Wanatoa mji wa mimba, ovari zote mbili na ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Wakati mwingine wanakata kipande cha utumbo na kuunga. Kazi ya saa nne, tano, sita. Mwili usio na akiba ukitoka pale, kidonda hakishiki, panapoungwa utumbo panaweza kuvuja, mapafu yanapata maambukizi. Na kuna hasara ambayo ndugu hawaioni: kidonda kisipopona, kemo inayofuata haianzi kwa wakati, na chembe za saratani zilizobaki zinapata nafasi.

Waambie wajomba mgonjwa wenu yuko kwenye matibabu tangu dripu ya kwanza ya kemo.

MzeeTakwimu

Naongezea kwa wajomba. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Ulaya, wanawake 670 wenye saratani ya ovari iliyosambaa, hatua ya 3C na ya 4. Walipangwa kwa kura: nusu waanze na upasuaji, nusu waanze na kemo tatu. Muda wa kuishi ukawa karibu sawa, miezi 29 kwa waliopasuliwa kwanza na miezi 30 kwa walioanza na kemo. Lakini vifo vya muda mfupi baada ya upasuaji vilikuwa asilimia 2.5 kwa kundi la kwanza na asilimia 0.7 kwa la pili. Si kwamba kila mtu aanze na kemo. Mgonjwa mwenye nguvu, ambaye daktari anaona uvimbe wote unatoka, wengi wanapendelea apasuliwe mapema. Ila kwa mwenye albumini ya 2.6 uamuzi wa daktari wenu una msingi. Kwenye hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani, albumini chini ya 3.5 ni mojawapo ya sababu za kuanza na kemo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda lisipendeze. Watu wanasoma kwamba wenye lishe duni wanaishi muda mfupi, wanakimbilia kununua mayai trei mbili. Taratibu. Kuna hesabu inaitwa PNI, ya kubashiri mwenendo wa mgonjwa kwa kuangalia lishe yake, ilipendekezwa na madaktari wa Japani mwaka 1984 kwa wagonjwa wa upasuaji wa tumbo. Unachukua albumini kwa gramu katika desilita unazidisha kwa 10, unajumlisha idadi ya limfosaiti (aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu) ikizidishwa kwa 0.005. Tafiti kadhaa za saratani ya ovari zimeonyesha wenye PNI ya chini wanaishi muda mfupi zaidi. Lakini nyingi zilifanywa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili. Zinaonyesha mambo mawili yanatembea pamoja. Hazithibitishi kwamba ukiipandisha namba kwa chakula umerefusha maisha.

Albumini inashuka kwa sababu tatu kwa pamoja. Mtu hali. Maji ya tumboni yanaivuta kutoka kwenye damu, na kila lita mnayochota inaondoka na protini. Tatu, uvimbe unauweka mwili kwenye vita, ini linapunguza kutengeneza albumini na kutengeneza protini za vita badala yake. Kwa hiyo albumini ya chini ni taarifa ya njaa na ni taarifa ya ukali wa ugonjwa, zote ndani ya namba moja.

BintiUsambara

Ahsante sana mzee wangu. Nimepiga hesabu ya mama ya siku ya kwanza: albumini 2.6, limfosaiti 1,300. Yaani 26 jumlisha 6.5, inakuja 32.5. Sasa ndiyo nakuuliza, kama albumini haipandi kwa mayai, nisihangaike?

MzeeTakwimu

Hangaika, binti yangu, tena sana. Ila usiipime kazi yako kwa albumini ya wiki ijayo. Albumini iliyomo kwenye damu inachukua kama siku 20 kupungua nusu, kwa hiyo inabadilika polepole. Mengine waachie wataalamu wa chakula.

BabaWawili

Wakuu, nimesoma na moyo unanienda mbio. Mke wangu ana miaka 44, anasubiri upasuaji, ugonjwa huo huo. Niliambiwa sukari na wanga vinalisha saratani. Tangu mwezi uliopita nimemwondolea ugali, wali, viazi, hata matunda. Anakunywa maji ya limau asubuhi, majani ya mstafeli mchana na jioni, na mboga za majani za kuchemsha. Amepungua kilo 6. Nilidhani ni sumu inatoka.

AfisaLishe

BabaWawili, kwanza pole. Ulichofanya umefanya kwa kumpenda, na ushauri huo unazunguka kwenye simu za watu wote. Lakini naomba leo jioni mke wako ale ugali.

Kila chembe ya mwili inatumia sukari, ya ubongo, ya moyo, na ya saratani pia. Ukikata wanga, mwili hauiachi saratani na njaa. Unavunja misuli na kuigeuza kuwa sukari, kwa hiyo uvimbe unakula na mke wako anaisha. Ndani ya hizo kilo 6 za mwezi mmoja imo misuli ya kutembea, ya kupumua na ya kukohoa baada ya nusukaputi. Kama ana kisukari, hapo sukari ipimwe na chakula kipangwe na kliniki, na hilo ni suala lingine.

Mstafeli usimpe. Ulaji wa muda mrefu wa jamii ya mstafeli umehusishwa na maradhi ya neva yanayofanana na Parkinson katika kisiwa cha Guadeloupe. Na dawa zozote za majani mwambie daktari wa usingizi bila kuficha, maana zipo zinazogusa damu kuganda na presha.

Jambo moja kabla hujampakulia. Kama amekuwa hali karibu chochote kwa siku tano au zaidi, usimjaze kwa ghafla. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa mara moja, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kuyumba. Yaliwapata watu waliotolewa kwenye kambi za wafungwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Anza kidogo, ongeza siku hadi siku, na kesho mpeleke apimwe.

BintiUsambara, sasa wewe. Umeuliza upime nini, na wewe ni fundi, una tepe shingoni. Pima mkono. Mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea, tepe isibane. Maji ya tumboni hayafiki pale, kwa hiyo tepe inakuambia ukweli ambao mizani inauficha. Kwa mtu mzima, chini ya sentimita 23.5 kunaashiria uzito mdogo kuliko inavyotakiwa. Pima kila Jumapili, mkono ule ule, uandike.

Chakula. Kwa mgonjwa anayejiandaa kupasuliwa tunalenga protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili, na nishati kalori 25 hadi 30 kwa kilo. Mama mwenye kilo 56 anahitaji protini kati ya gramu 67 na 84 kwa siku. Mayai mawili yana kama 12. Bilauri mbili za maziwa, 16. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100, kama 22. Kiganja cha karanga, 7. Hapo una 72. Tatizo ni kwamba tumbo lake limebanwa, vijiko vitano anashiba. Kwa hiyo usimpe milo mitatu. Mpe sita au saba midogo, na kila kijiko kiwe na kitu ndani yake.

Hapo ndipo tunapokosea na uji. Uji wa mgonjwa tunaupika mwepesi ili upite, na wepesi wake ni maji. Bibi zetu walikuwa na jibu, kimea. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa siku mbili, unaanikwa vizuri, unasagwa. Pika uji mzito kabisa, wenye unga mwingi, maziwa na siagi ya karanga. Uteremshe, ukipungua moto kidogo tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Utauona unalegea mwenyewe bila kuongeza tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu mtu wa kemo kinga yake iko chini. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe iliuhimiza uji huu kwa watoto, na kwa mgonjwa asiyeweza kula kingi unafaa vilevile. Unga wa dagaa nao unaingia kwenye mboga bila kuongeza ujazo.

Karanga zichague moja moja, yenye ukungu tupa, sumukuvu haifai kwa ini lake. Mayai yaive kabisa. Na supu, jamani, supu ya kuku bila kuku mwenyewe ni maji ya chumvi. Protini iko kwenye nyama. Kama hawezi kutafuna, isage.

Akianza kutapika, tumbo likamkata kwa mawimbi, akakosa choo na hata hewa, acha kumlisha na umkimbize hospitali. Utumbo unaweza kuwa umeziba, na hilo uji haulitibu.

MamaEldoret

Nawasalimu kutoka Eldoret. Huku dagaa tunaita omena, na uji ni wa wimbi. Dada yangu atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Nimeangalia karatasi yake ya maabara, albumini imeandikwa 31. Yenu ni 2.6, yake 31! Nimefurahi lakini nikaogopa tena. Ni nzuri ama?

AfisaLishe

Karibu dada. Maabara yenu inatumia gramu katika lita. Gawanya kwa 10, ni 3.1. Kawaida ni 3.5 hadi 5, kwa kipimo chenu 35 hadi 50. Kwa hiyo iko chini, ila siyo ya kukata tamaa. Mwulize daktari wake kama amepimwa hatari ya utapiamlo kwa fomu, siyo kwa macho. Miongozo ya Ulaya inasema mgonjwa mwenye utapiamlo mkali, kwa mfano aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito ndani ya miezi sita, au albumini iko chini ya 30 kwa kipimo chenu bila ugonjwa wa ini au figo, ni bora upasuaji usogezwe siku 7 hadi 14 alishwe kwanza, hata kama ana saratani. Kila mgonjwa na hali yake, lakini swali hilo ni haki yenu kuliuliza.

KijanaWaTandale

Mimi shangazi yangu tuliandikiwa chupa za albumini za kutundika, ghali mno, tukachanga ukoo mzima. Si ndiyo njia ya mkato?

SistaWaZamu

Mwanangu, ile chupa siyo chakula. Zipo hali daktari anaihitaji, kwa mfano kushikilia maji ndani ya mishipa. Lakini namba ikipanda kwa chupa, misuli haijaongezeka hata uzi mmoja, na baada ya muda inashuka tena. Mwulize daktari anaitaka kwa sababu gani. Kama jibu ni lishe, fedha ile ingenunua maziwa na samaki wa miezi kadhaa.

BintiUsambara

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Niliyapiga chapa maelezo ya AfisaLishe nikayabandika jikoni. Mjomba mkubwa, yule aliyetaka tumhamishe, ndiye anayesaga kimea. Baba amenunuliwa saa ya mezani, ikilia anampelekea mama kikombe.

Kemo ya tatu imepita. Maji hayajarudi tumboni. Uzito ni 57, lakini safari hii ni kilo zake mwenyewe. Mkono ulikuwa sentimita 21.5 nilipoanza kupima, Jumapili hii 22.5. Albumini 3.6, limfosaiti 1,500. Nimepiga, 43.5. MzeeTakwimu najua utaniambia kazi kubwa imefanywa na kemo.

MzeeTakwimu

Kemo imekausha maji na imepunguza ile vita, ndiyo. Lakini kuna wanaofika kemo ya tatu maji yamekauka na wao wamekauka pia. Sentimita moja ya mkono ni yenu.

SistaWaZamu

Hongereni. Sasa nisikilize kuhusu siku ya upasuaji, maana hapa ndipo tunapobomoa mlichojenga. Mgonjwa anaambiwa asile wala asinywe tangu saa nne usiku. Asubuhi dharura zinaingia, yeye anasogezwa. Saa tisa alasiri anaambiwa rudi wodini, ni kesho. Kesho hivyo hivyo. Mahali nilipowahi kufanya kazi nilimwona mama mmoja akifungishwa siku tatu mfululizo, na usiku analetewa wali uliopoa. Nilikuwa zamu, nikanyamaza, na hadi leo naumia.

Miongozo ya sasa ni hii: chakula kigumu kiishe muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na vinywaji vyepesi visivyo na maziwa wala nyama ya matunda, yaani maji, chai ya rangi ya sukari, juisi iliyochujwa, hadi zibaki saa 2 kabla ya dawa hiyo. Isipokuwa mwenye utumbo ulioziba au ambaye tumbo lake linachelewa kumwaga chakula, huyo daktari wa usingizi anampangia yake. Mtafute daktari wa usingizi siku moja kabla, umwulize saa kamili. Na zamu ikiahirishwa, uliza papo hapo: aruhusiwe kula sasa?

Baada ya upasuaji msingoje hadi atoe hewa ndipo anywe kitu. Wengi wanaweza kuanza kula ndani ya saa 24, daktari akiridhia.

BabaWawili

Narudi kutoa taarifa. Tulikwenda kesho yake kama nilivyoambiwa. Potasiamu ilikuwa chini, akalazwa siku nne, wakamlisha kwa hatua na vidonge vya vitamini B1. Mke wangu alilia alipopewa kipande cha kiazi. Ameongezeka kilo 2. Tarehe ya upasuaji imesogezwa wiki mbili, na sikugombana na mtu. AfisaLishe, Mungu akubariki.

MamaEldoret

Dada yangu naye amesogezewa siku kumi. Ashanteni. Omena anasaga mwenyewe.

BintiUsambara

Mama alipasuliwa Jumanne. Nilimfuata daktari wa usingizi Jumatatu jioni, akaniambia chai ya rangi mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwepo na chupa. Alikunywa kikombe kizima chenye sukari, wakamwingiza saa mbili na nusu. Saa tano baadaye daktari akatoka akasema hakuna uvimbe unaoonekana kwa macho uliobaki, na utumbo haukuguswa.

Leo Alhamisi. Jana jioni alikunywa uji wa kimea nusu kikombe, leo asubuhi kikombe na yai moja. Kidonda kikavu. Kemo ya nne imepangwa, inategemea kidonda.

KijanaWaTandale aliniuliza pembeni kimea kilichobaki tunaweza kumgawia shangazi yake. Kipo, debe zima, mjomba amezidisha. Niandikie nikuelekeze pa kukichukua, nipo wodini hadi saa moja jioni.